Mtamba Asiye na Nundu

Mjomba wangu, kaka yake mama, alitokea Gendabi na kuja kwetu Dongobesh akiwa na fimbo, shuka na shida moja. Binti yake alikuwa anaolewa, na katika ukoo wao binti haondoki nyumbani bila mtamba wa uzao wa ng'ombe wa bibi. Ukame ulikuwa umepita zizini kwake ukaumaliza uzao ule wote. Mtamba pekee aliyebaki alikuwa kwetu, kwa sababu mama naye, alipoolewa huku kwa wakulima, alikuja na ng'ombe wake mwekundu, mwenye nundu na pembe za kutisha wageni.

Nilimwamkia mjomba. "Marahaba, mgeni," akajibu. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, eti sura yangu ni ya baba mtupu na lugha yao naiongea kama mtu anayetafuna mawe. Nimekuwa mwalimu wa baiolojia, nina watoto wangu, bado mgeni. Silipendi jina hilo, na sijawahi kumficha.

Tukaenda bandani. Baba alitangulia akitabasamu, maana banda ndiyo fahari yake, na alikuwa ameshakubali kumtoa mtamba kabla hata ya kuombwa. Baba ni mtu wa maziwa. Miaka yote hiyo amekuwa akiwapandisha ng'ombe wa mama kwa madume wa kizungu, na siku hizi kwa mbegu za bwana mifugo. Nundu ikapungua, ikaisha. Pembe anazichoma ndama wakiwa wachanga. Kwa hiyo aliyekuwa amesimama mle ndani ni mtamba mweusi wa mabaka meupe, mgongo umenyooka kama meza, anatafuna majani ya migomba bila wasiwasi wowote.

Mjomba alimtazama, akamzunguka, akarudi mbele. Kisha akasema uzao wa mama yao umekwisha, na kilichoumaliza si ukame peke yake. Alisema kwa upole, lakini mama aliinamisha kichwa, na mimi nikapandwa na hasira papo hapo. Ng'ombe yule ndiye kitu pekee alichobaki nacho mama cha kwao. Kama uzao umekwisha, na yeye kule amebaki nani?

Basi nikafanya kile ninachokiweza, nikafundisha. Nilimwambia mjomba kwamba ndani ya seli za kila mnyama kuna vitu vidogo sana, mitokondria, vinavyoipa seli nguvu, navyo vina vinasaba vyao wenyewe. Ndama huvipata kwa mama yake tu. Dume, hata awe mkubwa kama Fuso, hapitishi vyake. Kwa hiyo huyu mwenye mabaka amebeba vilevile vya yule mwekundu.

Nilikuwa nimeshapata moto, nikaongeza na la pili. Ng'ombe wa nundu na wasio na nundu ni aina mbili zenye udugu wa karibu, zinazoweza kuzaliana. Huku Afrika walitangulia wasio na nundu. Wenye nundu walikuja baadaye kutoka Asia, na wachungaji wa zamani wakawapenda madume wao, wakawapandishia majike waliokuwa nao, tena na tena, mpaka nundu ikaenea kila zizi. Lakini wataalamu wakichunguza mitokondria ya ng'ombe hawa wetu wa nundu, wanakuta ni ile ya majike wa mwanzo.

"Yaani wazee wenu, mjomba, walifanya alichofanya baba," nikamaliza.

Baba alicheka mpaka akashika mlango wa banda. Mjomba hakucheka. Aliniuliza kama vitu hivyo nimeviona kwa macho yangu. Nikakiri kwamba darubini ya shule yetu haifiki huko. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo mama akainua uso. Alimwomba kaka yake amtaje ng'ombe huyu kama wanavyotaja kwao. Kwao ng'ombe hutajwa mama kwa mama: yule aliyemponyoka fisi alimzaa yule wa kijivu, naye akamzaa yule wa pembe iliyopinda. Mjomba anaweza kwenda hivyo mpaka chai ipoe.

Akaanza, kwa kuwa ameombwa na dada yake. Alishuka polepole mpaka akamfikia yule mwekundu, akaishia hapo.

"Endelea," mama akasema.

"Wengine siwajui."

"Mimi nawajua." Akaendelea yeye, mama kwa mama, yule mvivu wa kuamka, yule aliyekula nguo ya ubatizo ya mdogo wangu, mpaka mkono wake ukatua kwenye mgongo ule ulionyooka. "Umesikia dume hata mmoja hapo?"

Mjomba akasogea karibu. Mtamba alianza kumlamba mkono, nadhani kwa ajili ya chumvi ya jasho.

"Na mimi, kaka, nimeolewa huku," mama akasema, sauti imeshuka. "Watoto wangu wana sura za huku. Na mimi nimekwisha?"

Mjomba aligeuka akanitazama usoni, sura hii hii ya baba, kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kisha akafungua kamba nguzoni na kuninyooshea.

"Mpwa wangu," akasema, "nishikie. Tunampeleka nyumbani kwetu."

Nikaishika kamba huku nalia, na baba akajifanya anatafuta ndoo.