Hotipoti za Salgaa

Msimamizi wa tasnifu yangu alipouliza tena, "Huyu mama anauzia wapi hasa?", nilijua ana lake jambo. Msimamizi wa kawaida huuliza kuhusu mbinu za utafiti na marejeleo. Huyu alitaka ramani.

Nilikuwa nasomea uzamili katika usimamizi wa ubunifu na ujasiriamali hapa Nakuru, wikendi tu, maana siku nyingine nilikuwa meneja wa duka la mbegu na mbolea. Mada yangu ilikuwa jinsi wafanyabiashara wadogo wanavyolinda mawazo yao, na sikuitoa vitabuni. Kwetu Kabazi, na hapa mjini pia, ukifungua kibanda cha soseji za smoki watu wakaanza kupanga foleni, mwezi hauishi kabla jirani hajafungua chake, na jirani wa jirani. Ukilalamika unaambiwa soko ni la wote. Mimi huo nauita wizi, na sijawahi kubadili maoni.

Kazi yote ilimtegemea mama mmoja wa Salgaa, pale ambapo malori ya masafa marefu hupumzikia. Vibanda vya chakula pale havihesabiki, na vyote vinapika ugali, nyama na sukuma. Yeye alikuwa na hotipoti. Dereva humpigia simu akiwa bado barabarani, akifika anapokezwa chakula chake dirishani, kikiwa moto ndani ya hotipoti, halafu huyo, safari inaendelea. Hotipoti ni ya mama, kwa hivyo dereva akirudi lazima asimame kuirudisha, na akishasimama, harufu ya nyama inafanya kazi iliyobaki. Majirani walioona malori yakirudi kwake kila mara walikata shauri kwamba ametembelea mganga.

Haikuwa rahisi kumfungua mdomo. Siku ya kwanza alinikagua kutoka viatuni hadi kichwani, akidhani ni askari wa kaunti.

"Wewe ni wa kanjo?"

"Hapana, mathe. Mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi na hizo mvi?"

Nilimsaidia kumenya viazi Jumapili baada ya Jumapili mpaka akanizoea. Hata hivyo, alipoanza kueleza alishusha sauti, akitupia jicho kibanda cha pili. "Ukipelekea wakubwa wako hii maneno," aliniambia, "nitaona hotipoti kila mahali hapa." Nikamwahidi kwamba sitalitaja jina lake wala la Salgaa. Tena, kwa kuwa mimi nikishuku sishuku nusunusu, nikamwongezea: mtu yeyote akija kuuliza, hata akinitaja mimi, kataa kabisa. Sema hunijui. Akacheka, akasema hiyo ni kazi ndogo.

Sasa msimamizi. Alikuwa mhadhiri, lakini pia alikuwa na mahali pa kuoshea magari, kuku wa mayai na nyumba za kupangisha, na mara nyingi alikuwa akiahirisha mikutano yetu kwa sababu ya kuku. Mtu kama huyo ukimwonyesha wazo zuri ni kama kumwachia paka samaki. Kwenye tasnifu nilikuwa nimeandika "kituo kimoja cha malori" tu. Aliponibana sana nikamwambia ni Rongai, karibu na maghala ya mahindi.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu iliyofuata aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Nimezunguka Rongai yote," akasema. "Nimeuliza mpaka watu wa boda. Hakuna mama, hakuna hotipoti. Umepika data."

Kupika data si mzaha. Ni kufukuzwa, na miaka yangu yote ya kukosa usingizi na harusi za jamaa iende na maji. Nikamwambia ukweli, kwamba ni Salgaa. Alinitazama kama anayetazama noti asiyoiamini. "Twende sasa hivi," akasema. "Na hiyo simu iweke kwa mkoba. Sitaki mtu apangwe. Nisipomwona huyu mama, kazi yako haiendi kwa jopo la watahini."

Tulipofika, mama alimwona mwanamume mwenye tai na faili akishuka kwenye gari, akavuta pazia mbele ya rafu yake ya hotipoti. Nikamkimbilia.

"Mathe, huyu ni mwalimu wangu. Mwambie tu vile unafanya."

Akanitazama machoni bila kupepesa. "Samahani, madam. Sijawahi kukuona."

"Mathe, ni mimi!"

"Umenifananisha. Mnakula ama mnaenda?"

Nilipandwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Alikuwa akifanya vile hasa nilivyomfundisha, tena kwa ustadi. Tukaketi. Msimamizi akaagiza, akala polepole. Nje lori likasimama, likapiga honi, likapiga tena. Mama hakuinuka. Alikaa mbele ya pazia lake, jasho likimtiririka usoni, hadi lile lori likaondoka likinung'unika. Nilitamani kulia, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Ndani ya gari nilisubiri hukumu.

"Nitapeleka kazi yako kwa jopo," akasema.

Sikuamini masikio yangu. "Kwa nini, daktari?"

"Wenye wanapika data huniletea mtu wa kuitikia kila kitu. Ndio daktari, ndio daktari. Hakuna mtu anapanga shahidi wa kumkana. Na huyu mama ameacha mteja aende ndio asifungue hiyo pazia."

Nilifurahi hadi nikaona haya. Nilianza kutafuta maneno ya kumwomba radhi kwa yote niliyokuwa nimemfikiria. Lakini hakuwasha gari. Aligeuza shingo akatazama nyuma, kwenye kibanda kilichokuwa kimefungwa kando ya mama.

"Hiyo nafasi iko kando yake," akasema taratibu, "ni ya nani?"

Tasnifu yangu ilikuwa mapajani mwake, bila sahihi yake.

"Imeshachukuliwa," nikasema.

"Na nani?"

Hakuna jina lililonijia ambalo asingeweza kwenda kuliulizia.

"Na mimi."

Akatabasamu kama mtu aliyekuwa akilisubiri jibu hilo tangu siku ya kwanza. "Nilijua tu hii siri ulikuwa unajiwekea," akasema, akawasha gari, na hadi tunaingia Nakuru sikumsahihisha.