Nusu mtungi kwa Mama Habiba

Leo nimefungiwa maji. Mimi!

Wanaonijua mnacheka tayari. Miaka ya tisini, koki ya maji ya mtaa wetu wa Waberi ilikuwa mkononi mwangu. Saa ikifika nafunga, na anayelalamika namjibu, "Zamu yenu imekwisha."

Sasa nimestaafu, na asubuhi bomba langu limekauka. Nikabeba mtungi hadi kwa jirani, Mama Habiba, mwenye tangi kubwa.

"Karibu, mzee. Tangi hili nilinunua kwa sababu yako. Ulinifungia siku ya harusi yangu, sabuni kichwani."

Nikacheka. Peke yangu.

Akafungulia. Mtungi ulipofika nusu, akafunga.

"Mama Habiba, haujajaa."

"Wallahi naona. Zamu yako imekwisha."

Wengine niliowafungia, jitajeni hapa. Nijue nisibishe hodi wapi.