Vidole Viwili Alivyokunja Mjomba

Siku ya harusi ya kule Makote naikumbuka kuliko harusi yangu mwenyewe, mwanangu, na mama yako asinisikie. Nilikuwa kijana, nimekaa na gitaa nyuma ya mjomba wangu Chilumba, ambaye kwako ni babu, na moyo unanienda mbio kwa jambo ambalo waliokuwa wakicheza hawakuliona. Lakini acha nianze mwanzo. Maji hufuata mkondo, na sisi watu wa Newala tunaoyasaka kwa ndoo tusiyamwage ovyo.

Mjomba alikuwa fundi wa banjo na gitaa. Banjo alijifunza kwenye mashamba ya mkonge, akarudi nyumbani akatengeneza yake: sufuria kuukuu, ngozi ya kenge juu yake, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Asubuhi za ukungu ngozi ililegea, ikambidi aipashe moto kama wafanyavyo wapiga ngoma. Akishaishika, dole gumba halikunyamaza kwenye ule uzi mfupi wa pembeni, na kidole cha shahada na cha kati vilipokezana wimbo kwa kasi, ukadhani ni mvua ya kwanza juu ya bati. Akihamia kwenye gitaa, alipiga besi na wimbo kwa mkono ule ule, hata watu wakachungulia nyuma yake kumtafuta mwenzake. Mwenzake nilikuwa mimi, na mara nyingine nilikuwa nimekwenda kula. Harusi, jando, Idi, Krismasi, kote aliitwa yeye.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yakajaa vitu, wanunuzi wa korosho wakapanda huku juu na magari yao, na aliyeuza vizuri akanunua redio kaseti. Redio haili pilau, haichoki, haitaki kubembelezwa. Mialiko ya mjomba ikaanza kupungua. Aliogopa, mwanangu. Hakusema, ila kila tulipoitwa aliuliza kwanza, "Na redio wanayo?"

Akaona dawa ni kupata spika, naye asikike. Basi akaanza kubangua korosho za mfanyabiashara mmoja kwa ujira, ndani, mlango umefungwa, mkewe akiwa shamba, fundi mzima asije akaonekana anagonga maganda. Wewe unajua mafuta ya ganda la korosho yanavyokula ngozi. Hata mtoto wa hapa hujipaka majivu mikononi kwanza. Mjomba hakujipaka. Alitegemea sugu zake, akasahau kwamba sugu za mpiga banjo zimo mkono wa kushoto, nao wa kulia ndio ulioshika maganda.

Kule Makote alifika bado hana spika, na mkono wa kulia mfukoni. Baba wa bibi harusi akatupokea vizuri.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Karibuni sana. Mkichoka msihangaike, redio ile pale mezani."

Alisema kwa wema, lakini mjomba aliitazama ile redio kabla hajakaa.

Wimbo wa kwanza ulichechemea. Nikainama nitazame: vile vidole viwili vimebambuka, vyekundu, na kila vikigusa waya damu inadondokea ngozi ya kenge.

"Mjomba, tuache," nikanong'ona.

"Piga gitaa, mpwa wangu. Tukiacha sisi, wanawasha ile."

Nikapiga kwa nguvu kuliko siku zote ili nimfunike, huku namwomba Mungu jua lizame. Watu walicheza, vigelegele vikapigwa, redio haikuwashwa. Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Vidole vikavimba, vikatunga usaha, naye bado anavificha kwenye kanzu, mpaka mkewe, Mama Somoe, alipouvuta ule mkono mbele yangu.

"Majivu yamejaa jikoni, Baba Somoe. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungewaambia nini watu?"

"Ningewaambia unaumwa. Mgonjwa watu humngoja. Anayejificha wamngoje vipi, hawajui kama anaumwa?"

Mjomba akakubali tumpeleke. Hospitali wakamwambia amechelewa, watafanya wanachoweza. Nilikuwa nikienda kila siku kumtazama, na kila siku nilitamani wasifungue bandeji mbele yangu. Vidonda vilipona, lakini vile vidole viwili vilibaki vimekunjamana, havinyooki tena.

Alipoishika banjo mara ya kwanza baada ya hapo, nililia. Alibakiwa na dole gumba na kidole cha pete. Akaanza polepole, anaacha mapengo, na mapengo yenyewe anayajaza kwa ule uzi mfupi unaolia peke yake. Watu wakaupenda muziki ule. Wakamrekodi, na kaseti ile ile aliyoiogopa ikambeba mpaka Chiwata na Masasi, na vijana wakaja kujifunza. Wakaona amekunja vidole viwili, nao wakakunja. Wakasema ndiyo siri ya Chilumba. Aliona haya kuwasahihisha, ila mwaka wa mwisho wa uhai wake aliniambia, "Nikifa, waambie wavifungue."

Jana nimekuona uani ukijifua na banjo kwa harusi utakayopiga Jumamosi, vidole viwili umevikunja, vizima kabisa. Chai ikanipalia. Mwanangu, kile unachokiiga si mtindo, ni kidonda. Nami najua una hofu, kwamba siku hizi watu wana muziki wao kwenye simu na hawatakungoja wewe. Hofu hiyo naijua, nimekaa nyuma yake na gitaa.

Basi nisikilize. Usichukue ulemavu wa mkubwa ukaufanya ufundi wako. Ukiumia, sema siku ile ile, hata kama redio iko mezani inakungoja uchoke. Heri ukose harusi moja kuliko kuukosa mkono. Ukishika korosho, jipake majivu, na usione haya kuyaomba.

Lete mkono wako hapa. Nyoosha. Hivyo. Mungu akulindie vyote vitano, na siku ya kuumwa akupe ulimi wa kusema, na watu wa kukungoja. Haya, piga tena ule wimbo, na vidole vyote.