Picha ya Kuazima

Waandishi wenzake gazetini walimwita Fisi, na jina lenyewe alilipenda. Kila penye msiba alifika kabla hata ya polisi, akatoa pole, akainamisha kichwa, kisha akaazima picha ya marehemu ukutani. "Kesho nairudisha, mama." Droo yake ilikuwa imejaa kesho hizo.

Juzi aliandika kwamba aliyemuua mwenye duka mmoja mtaani ni fundi cherehani wa jirani. Ushahidi hakuwa nao; alikuwa na uchu wa cheo tu. Jana watu wakampiga fundi mpaka akafa. Leo asubuhi muuaji mwenyewe akakamatwa.

Fisi akaenda kwa mama wa fundi. Pole, kichwa chini, picha.

"Nilidhani umekuja kuirudisha, mwanangu," mama alisema taratibu. "Uliichukua mwaka juzi, kaka yake alipogongwa na lori. Picha hiyo walipiga wote wawili, na sina nyingine."

Akarudi ofisini, akapekua droo. Mwaka juzi aliikata picha katikati akachapisha nusu ya kaka. Nusu yenye fundi ilikuwa bado ipo, akicheka.

Mhariri aliitazama akaridhika. "Una bahati wewe. Hii hata kukata haihitaji."