Waliovuka Agosti

Kila siku akitoka kazini Yasna alimchukua binti yake, Maite, wakaenda kutembea, na kila siku alichagua njia ya nyuma, ile yenye matope. Njia ya mbele ilipita mlangoni kwa Doña Herminda, na Yasna hakuwa na uso wa kumtazama Doña Herminda.

Maite, miaka miwili na miezi minane, hakujali njia. Septemba ilikuwa imeanza, miti ya miaromo imechanua manjano mlima mzima juu ya mji wa Tomé, jua limeanza kupata nguvu, na yeye alikuwa na watu wa kuhoji. Kila aliyekutana naye alimuuliza swali moja tu: "Umevuka Agosti?" Alimuuliza mbwa wa muuza kuni, akasubiri, kisha akamgeukia mama yake kwa uso wa hakimu. "Huyu hajui." Konokono aliyekuwa anapanda ukutani alihurumiwa: "Huyu bado. Hana miguu." Mwaromo ulipita bila maswali. "Huu umevuka. Umevaa nguo."

Yasna alicheka peke yake, maana hakukuwa na mwingine wa kumsimulia. Baba yake Maite alikuwa kwenye migodi ya kaskazini na hakuwa amepiga simu tangu Pasaka. Aliyekuwa akiyakusanya maneno ya mtoto huyu na kuyarudia mezani hadi chai ipoe alikuwa Tata, yaani Don Abelardo, baba yake Yasna, na swali lenyewe ni yeye aliyemfundisha.

Kwao Agosti ndiyo mwezi unaoondoka na wazee, kwa mvua yake na magonjwa yake ya vifua. Mzee akifika tarehe thelathini na moja hupigiwa makofi, hunywa divai kidogo na kuwaringia majirani. Mwaka huu Yasna alipangiwa zamu ya kutwa siku hiyo katika kiwanda cha samaki, akaamua kufanya sherehe tarehe thelathini. Siku moja ni nini? Doña Herminda, jirani wa miaka themanini na mitatu, alikuja na sopaipila zake, maandazi bapa ya moto, na kusema mbele ya watu wote, "Mwanangu, Agosti haishangiliwi kabla haijaisha. Unaichokoza." Don Abelardo alimwambia aache wivu, akainua glasi, akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi iliyofuata Yasna alipompelekea baba yake chai, alimkuta ameshakuwa baridi.

Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na hilo lilimtosha. Maite alimwambia tu kwamba Tata amesafiri, na tangu hapo nyumba ilikuwa na watu wawili, mmoja hajui na mwingine hathubutu kusema. Usiku wote wa dunia haukumwelemea kama ile meza yenye vikombe viwili badala ya vitatu.

Siku moja walibeba tiara ambalo Tata alimtengenezea mjukuu wake mwezi wa Julai, la karatasi nyekundu. Uwanjani juu ya mlima Yasna alikimbia nalo mara tatu, na mara tatu likaanguka kwenye nyasi mbichi. Maite aliliokota, akaketi nalo mapajani.

"Tumsubiri Tata," alisema. Kisha, kama alivyomuuliza mbwa: "Tata amevuka Agosti?"

Yasna alitafuta uongo mwingine. Hakuupata.

"Hapana, mwanangu. Tata hakuvuka."

Maite alifikiri. "Amebaki Agosti?"

"Amebaki."

"Huko kuna baridi."

"Ndiyo."

"Ana blanketi?"

Don Abelardo alifuma miaka thelathini na moja katika kiwanda cha sufu, na blanketi la kijivu lililokuwa kitandani kwake alilifuma mwenyewe. Muuza majeneza alisema halihitajiki, jeneza lina kitambaa chake. Yasna hakumsikiliza.

"Analo," alisema. "Lile la kijivu. Nilimfunika mimi."

"Na miguu?"

"Na miguu."

Maite aliridhika. Yasna aliketi kwenye zile nyasi zilizolowa akalia kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia hata makaburini, na mtoto akamngoja huku akinyoosha mkia wa tiara.

Waliposhuka, Maite alitangulia, naye akashika njia ya mbele. Yasna hakumrudisha. Doña Herminda alikuwa ameketi nje kwenye benchi lake, akiota jua.

"Umevuka Agosti?" Maite alimuuliza.

"Nimevuka, mama."

"Tata amebaki huko. Mama alimfunika mpaka miguu."

Doña Herminda alimtazama Yasna, sketi yake imelowa, macho yamevimba. Alisogea kidogo kwenye benchi, na Yasna akakaa.