Siku Mikoba Ilipofungwa

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wa Malindi, hapa mjini Unguja, upepo mzuri uko wapi saa hizi, atakwambia nenda kamuulize Bi Mwanakheir. Bi Mwanakheir anashona kofia. Kofia ni kazi inayoingia mfukoni: sindano, uzi na kile kitambaa cheupe, basi. Kwa hiyo hakai ndani. Asubuhi utamwona barazani upande wa Mizingani, adhuhuri yuko chini ya miti ya Bustani ya Jamhuri, alasiri karudi ufukweni. Kivuli kikihama, na yeye anahama.

Ana miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa kisiwa cha Tumbatu aliyeolewa mjini, na tangu aolewe hajawahi kulipia starehe hata moja. Si kwa ubahili, maana mgeni akiingia kwake hatoki bila ya kula. Yeye anasema tu kwamba vitu vizuri vya Unguja Mwenyezi Mungu kavimwaga nje, sasa nani atavikatia tiketi?

Ndiyo maana maneno ya mdogo wake yalimchoma.

Mdogo wake, Faiza, anaishi Maskati, ana duka la mabaibui. Mara ya mwisho kuja Unguja ilikuwa kwenye msiba wa mama yao, akakaa siku chache za kulia, akaondoka. Safari hii kaja kwa mapumziko khasa, siku kumi nzima. Mwanakheir alipaka chokaa chumba, akanunua pazia jipya, akawaambia majirani wote. Usiku wa pili tu, wakiwa wanakunywa chai, Faiza akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Keshokutwa nnakwenda Nungwi, dada. Nimeshika chumba hotelini."

Sindano ya Mwanakheir ikasimama.

"Hotelini? Na hapa pana nini?"

"Hapana kitu, dada. Lakini siku zote hizo nifanye nini mjini? Nikae dirishani nihesabu paka? Siku hizi kila kitu hapa cha watalii. Bila ya pesa mtu hatoki nje ya mlango wake."

Kwa asiyejua, hili ni jambo dogo. Lakini Unguja, ndugu wa tumbo moja akitoka ng'ambo akenda kulala hotelini na nyumba yako imesimama, mtaa mzima utauliza mmegombania nini. Na kama hamkugombana, ndiyo vibaya zaidi, maana itabidi muulizane wenyewe. Mwanakheir alimwangalia mdogo wake, pete zake na kucha zake zilizopakwa hina nyekundu, akahisi kwamba huyu akishaingia kwenye gari la Nungwi, hatomwona tena mpaka msiba mwengine.

"Haya," akasema. "Nipe siku moja. Kesho. Tangu asubuhi mpaka turudi tule chakula cha usiku, nikutembeze. Hapana atakayetoa hata shilingi. Atakayetoa pesa wa mwanzo kashindwa. Ukishinda wewe, sanduku lako nalichukua mwenyewe mpaka Nungwi, na sinuni. Nikishinda mie, unalala hapa mpaka siku ya ndege."

Faiza alicheka mpaka chai ikamwagika sahanini. "Dada, hata maji ya kunywa utanunua!"

"Tutaona."

Mume wa Mwanakheir, Mzee Abdulhakim, aliyestaafu kazi bandarini na siku nyingi hakuwa na la kusimamia, akaweka kikombe chini. "Mie hakimu," akasema. "Na sipokei rushwa isipokuwa halua."

*

Asubuhi walikuwa Forodhani jua bado changa. Nani anaijua Forodhani ya saa hizo? Watu wengi wanaijua ya jioni, ya moshi wa mishikaki na kelele. Asubuhi ni bustani nyengine kabisa. Majani yana umande, paka wamejinyoosha juu ya ukuta, wazee wanazungusha mikono kama watu wanaofukuza nzi, na bahari ina rangi ambayo ukiitia kwenye nguo watu watasema umezidisha. Vijana watatu walikuwa wanaruka makachu, wanakimbia wanajitupa kutoka ukutani, mmoja kichwa chini, mmoja kakaa hewani miguu kaikunja kama yuko barazani kwao. Maji yakamrukia Faiza usoni.

"Nyie! Hamna adabu?"

"Samahani, mama! Leo bure, kesho tunakutoza!"

Faiza alijitahidi asicheke. Mwanakheir akaziona pembe za mdomo wake.

Baada ya hapo wakamsubiri Yussuf, kijana wa nyumba ya pili, anayekwenda Kidichi kila wiki na kirikuu chake, kigari cha mizigo, kuchukua ndizi. Alipowaona akashuka mbio kufungua mlango.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu ndugu yangu. Anatoka Maskati, mkalishe mbele, asije akasema tumempakia na mikungu."

Kidichi kwa Bi Mwanapili, shoga yake Mwanakheir tangu skuli, hapana kiingilio wala mtu wa kukuelezea hiki kinaitwaje. Unaingia shambani, unachuma, unanusa. Mwanapili aliwatembeza kuanzia kwenye mihiliki mpaka chini kwenye mikarafuu, mikono nyuma kama mkaguzi, huku akimsema kila jirani aliyemkatia mti. Ulikuwa msimu wa shokishoki, na miti imejaa matunda mekundu yenye manywele, mpaka matawi yameinama. Walikula wamesimama, maganda wanayatupa chini, juisi inawatiririka mpaka viwikoni. Faiza akavunja kijiti cha mdalasini, akakiweka puani, akakaa nacho muda.

"Maskati naipata hii kwenye pakiti," akasema. "Lakini haisemi kitu."

Walipoaga, Mwanapili akawatilia shokishoki kikapu kizima. Mkono wa Faiza ukaenda wenyewe kwenye mkoba. Vidole vilikuwa vimeshaishika zipu.

"Unafanya nini?" Mwanapili akamuuliza.

"Kidogo tu, Bi Mwanapili, ya…"

"Ya nini? Unanilipa mie? Ulipokuwa na upele kichwani nani alikuwa anakukanda na majani? Nilikudai? Utoe mkono hapo kabla sijakufukuza shambani kwangu!"

Faiza akautoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Kashindwa!" Mwanakheir akapiga kofi.

"Sijashindwa! Zipu haijafunguka! Yussuf, zipu imefunguka?"

Yussuf, mtoto mwerevu, akasema yeye alikuwa anaangalia ndizi.

*

Yussuf alikuwa na mzigo wa kushusha Bububu, kwa hiyo akawaacha ufukweni hapo mpaka amalize. Jua la kaskazi limesimama wima, maji yanajaa, mchanga unaunguza nyayo. Mwanakheir hakuuliza mtu. Alivua makubazi, akakunja mtandio, akaingia baharini na dera lake mpaka kifuani, kisha akalala chali juu ya maji kama aliyelala kitandani kwake.

"Njoo!"

"Na baibui hili? La hariri hili!"

"Livue, si una gauni ndani? Nani anakuangalia, kaa wa mchangani?"

Faiza alisimama hapo, mawimbi yanampiga vifundoni, anatazama kulia, anatazama kushoto. Halafu akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kikapu cha shokishoki, akaingia. Maji yalipomfika kiunoni akapiga ukelele, na ukelele ule ulikuwa wa mtoto wa Tumbatu, si wa mwenye duka la Maskati. Akazama, akaibuka, akamrushia dada yake maji. Wakashindana kuogelea mpaka kwenye boya, kama walivyokuwa wakishindana zamani kufika kwenye ngalawa ya baba yao. Wote wawili wakaishia njiani, wanahema na kucheka, hawajui nani kashinda.

"Maskati bahari iko mbele ya nyumba yangu," Faiza akasema walipokuwa wanajikausha. "Naiona kila siku ninapofungua dirisha. Sijawahi kuoga hata mara moja."

Mwanakheir akamkamulia pindo la gauni. "Una kiu?" akamuuliza.

"Nakufa na kiu. Na pale nimeona duka, dada. Maji ya baridi. Chupa moja tu, halafu tusahau mambo ya mashindano."

"Twende."

Lakini Mwanakheir hakwenda dukani. Alikwenda kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona ina mlango wazi, nyumba ya watu asiowajua kabisa, akasimama kizingitini nguo zinachuruzika.

"Hodi wenyewe! Tunaomba maji ya kunywa, tumetoka kuoga pwani."

"Karibuni! Karibuni ndani!" ikaitika sauti ya mwanamke. Wakaletewa maji ya mtungi, yakafuata maji ya ukwaju, ikafuata sahani ya wali na mchuzi wa pweza, na kanga kavu za kujifunga wakati wa kula. Mwenye nyumba, Bi Rahila, hakuwauliza wametoka wapi mpaka waliposhiba. Alipojua kwamba Faiza anauza mabaibui akamleta binti yake aliyekaribia kuolewa, na mazungumzo yakawa marefu mpaka Yussuf akapiga honi njiani kwa kukata tamaa.

Ndani ya gari Faiza alikaa nywele mbichi, kanga ya watu begani. "Hata jina letu la ukoo hakuliuliza," akasema.

*

Ikabaki jioni, na Mwanakheir alikuwa kaiweka makusudi mwisho. Karibu na kwao kuna kikundi cha taarabu kinachofanya mazoezi baada ya Magharibi, na siku ya mazoezi mlango haufungwi. Anayetaka anaingia, anakaa kwenye kiti kama kipo, kama hakipo anakaa ngazini. Mzee Abdulhakim akafuatana nao, maana hakimu lazima awepo mpaka dakika ya mwisho.

Fidla zilikuwa zinatafuta sauti, ganuni linanong'ona, mpiga ngoma anakula kashata. Halafu mwimbaji, Bi Bashira, mwanamke mnene mwenye shingo ya kifalme, akafunga macho akaanza. Ilikuwa nyimbo mpya, watu hawajaizoea. Inamsema mgeni aliyefika kutoka mbali, kabla hajavua viatu tayari anatazama njia ya kurudi, na mwenyeji anaogopa kumuuliza atakaa mpaka lini, asije akajibiwa.

Sasa, kwenye taarabu, beti likikugusa hukai. Unanyanyuka, unakwenda kwa mwendo wa nyimbo, unamtunza mwimbaji, yaani unampa pesa mkononi mbele ya watu wote, na kila mtu anajua kwamba beti lile ni lako. Ni jambo la damu, halipiti kichwani. Mwanakheir alipozinduka, mkono wake ulikuwa kwenye pindo la kanga alimofunga noti yake, na fundo limekaza, na meno yake yalikuwa yanalifungua.

Kabla hajamaliza, kitu kilimpita mbio. Ni Faiza. Viatu virefu, mkoba wazi unaning'inia, noti kainyanyua juu ya kichwa, anakwenda mbele anayumba mabega, na watu wanashangilia. Akamfikia Bi Bashira, akamtia noti kiganjani, akazunguka mara moja kama bibi harusi.

Mpiga fidla akashusha upinde. "Mama, leo mazoezi! Hatutunzwi leo!"

"Basi nirudishieni!"

"Ikishaingia hapa haitoki," akasema Bi Bashira, akaipeleka noti kifuani bila ya kufungua macho, na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko.

Mzee Abdulhakim alikuwa kasimama juu ya kiti. "Mkoba umefunguka! Nimeona kwa macho yangu mawili! Shemeji, umeshindwa!"

"Lakini sikununua kitu!"

"Mkataba ulisema kutoa, haukusema kununua. Kesi imekwisha."

Mwanakheir alilikaza upya fundo lake polepole, mkono chini ya mtandio.

Walipofika nyumbani, Abdulhakim akiwa ameshatangulia ngazi ili awe wa kwanza kuonja chakula, Mwanakheir alimshika mdogo wake mkono.

"Faiza. Fundo langu lilikuwa lishafunguka nusu."

"Nlikuona."

"Uliniona?"

"Unaling'ata kama panya! Nkajua ukinitangulia nimekwisha. Kesho n'takuwa hotelini peke yangu, nakula mkate wa siagi na Wazungu. Nkakimbia. Na viatu hivi, dada, nusura nivunjike shingo."

Mwanakheir akakaa kwenye ngazi. "Sasa ile hoteli uliitafutia nini?"

Faiza akakaa ngazi ya chini yake, akavua viatu. "Nilipofika mlinipa kitanda chenu. Usiku nikaamka kwenda kunywa maji, nikakukuteni wewe na shemeji mmelala chini ukumbini, kwenye mkeka. Watu wazima. Nikasema sitakuwekeni hivyo mpaka niondoke. Ningekwambia ungekataa, ungesema unapenda mkeka."

"Lakini mie napenda mkeka."

"Unaona?"

Walikaa hapo ngazini mpaka Abdulhakim akaita kutoka juu kwamba chakula kinapoa na yeye hana nguvu za kukilinda. Faiza akatoa simu, akapiga hotelini, akaomba radhi, akasema amepata mahali pengine. Kisha wakala, na baada ya kula wakaanza kubishana kuhusu kitanda, kila mmoja anamvuta mwenzake. Mwisho wakalala wote wawili kitanda kimoja, miguu ikigombana chini ya shuka kama walivyokuwa wakilala Tumbatu. Mzee Abdulhakim, aliyeihukumu kesi yote, akabaki ukumbini peke yake na mkeka.