Bibi Ameuliza Unga wa Chombo cha Anga Unatoka Wapi

Jamani, leo bibi yangu kanifundisha sayansi, na mwalimu wa sayansi ni mimi.

Amekuja toka Kibakwe kunitembelea hapa Mkonze. Mchana nikawasha deki. Kwenye filamu watu wanaishi ndani ya chombo cha anga. Wakisikia njaa wanabonyeza kitufe, sahani inatokea imejaa.

Bibi akaacha kuchambua mlenda.
"Mjukuu wangu, unga wanatoa wapi? Huko juu nani analima?"

Nikakaa vizuri. (Mnanijua nikipata mwanafunzi.)

Nikamweleza kwamba hawatupi kitu. Makombo, maganda, hata vya chooni, vyote vinarudi kwenye mashine na kugeuzwa chakula.

Nikangoja ashangae.

"Na mashine ikiharibika?"
"Watalala njaa, bibi."

Akanitazama kwa huruma.
"Mimi makombo na pumba nampa mbuzi. Samadi naipeleka shambani, mtama unarudi jikoni. Mashine yangu ina pembe, na kabla haijazeeka inakuwa imeshazaa nyingine."

Akarudi kwenye mlenda wake.

Nyie mliosoma, nipeni la kumjibu, tena haraka. Ameshasema likizo hii niende Kibakwe kwa masomo ya vitendo: kuzoa samadi.